Hakuna la Kuripoti

Kikosi cha babu yangu hakikupigana vita.
Nalisema mapema, msije mkakaa kusubiri mizinga.

Kiliundwa Ras al-Hadd, mwaka ule mchele
ulipopimwa kwa kikombe cha kahawa:
watu arobaini na mmoja, wachota maji, wapishi,
Mabaluchi wawili waliowahi kula mshahara wa jeshi,
na babu, Subeti bin Farjalla, mhunzi,
aliyezaliwa Unguja akaletwa Sur
na meno ya utoto
na Kiswahili kilichogoma kumtoka.

Bunduki zilikuwa kumi na tisa.
Risasi tano kwa mwenye bunduki, zikihesabiwa kila Alhamisi
juu ya mkeka, kama tende za sadaka.
Viatu vilifika vya mguu wa kushoto.
Vya kulia, wakaambiwa, viko njiani.
Viko njiani hadi leo.

Mkuu wao Kapteni Ragi (ndivyo walivyomwita,
jina lake lilikuwa na herufi zisizofanya kazi)
alikuwa na kaka kwao Uingereza, askari wa miguu
katika brigedi ya kulinda nyumbani.
Barua zikija alizisoma kwa sauti,
mkalimani akizipooza kwa Kiarabu, babu
akizipooza tena kwa wachache wa nyuma:
Tumeizungushia pwani yetu seng'enge.
Watoto hawaogelei tena.
Tumehamishwa kijiji, tumebadilishwa jina,
tumepewa koplo mwingine. Adui hajaja.
Babu alishangaa. Kumbe hata wao, wenye vita vyao,
wana watu wa kukaa wakitazama maji.

Basi na huku ikafungwa seng'enge, maili mbili,
na bahari ikaleta ilichokuwa ikileta tangu Nuhu:
kasa. Majike, mazito, usiku,
yakipanda mchanga kutafuta pa kutagia,
yakinasa shingo kwenye miiba.
Asubuhi ya kwanza walikuta saba.
Dad Karim alilia, akasingizia vumbi.
Usiku wa pili waya ulikatwa,
mkato safi, wa koleo la mhunzi.
Kapteni aliuliza ni nani.
Watu arobaini na mmoja walitazama vidole vya miguu yao.
Kapteni akaandika: kutu.

Kisha usiku mmoja wa kiza
kitu kilitoka majini, kikatambaa hadi penye pengo lile,
kirefu kuliko kasa, kikihema.
Nani? Toa neno!
Neno la siri usiku huo lilikuwa jina la mji wa Uingereza
ambalo walinzi wenyewe hawakuweza kulitamka.
Kitu hakikujibu.
Risasi ikaingia chemba. Kidole cha babu kikaanza kukunja,
na kile kitu kikasema, kwa lafudhi ya Faza:
Mama wee. Nimekufa mie.

Bunduki ilianguka mchangani.
Alikuwa mchochea makaa, Athmani Shee,
meli yake imezamishwa siku tatu nyuma,
na nyuma yake mashua, na ndani ya mashua tisa,
midomo imepasuka kama tope la kiangazi.
Waliwanywesha kwa kijiko mpaka alfajiri.

Nimekiona kitabu cha zamu. Usiku huo,
kwa mwandiko ulionyooka: Hakuna la kuripoti.
Mabaharia kumi waliandikwa kwamba wamefika Sur
kwa njia zao wenyewe,
maana pengo la waya lingetaka maelezo.

Kikosi kilivunjwa kwa karatasi moja.
Kaka naye aliandika: wamevunjwa, wamerudisha makoti,
lake limepungua kifungo, wamemkata.
Babu alirudisha risasi tano juu ya mkeka.
Moja aliifuta jasho kwanza.

Seng'enge iliyosalia bibi aliizungushia banda la mbuzi.
Nilikuwa na miaka sita iliponichana goti, mguu wa kulia,
nikapiga yowe lililofika msikitini.
Babu alikuja mbio. Hakunikemea, hakunibembeleza.
Aliutazama waya, kitambo,
kisha akaingia ndani kutafuta koleo.